Baridi ya Marekani mmeiandika vya kutosha, andikeni na Aprili

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kwa sasa naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani, jirani na Kanada. Kazi yangu ni ya usiku, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na gazeti lako nalisoma kwenye simu asubuhi nikiwa ndani ya basi narudi kulala. Sina ugomvi na wewe ila kwa jambo moja.

Kila ikifika Januari hukosi kutuwekea ile picha: gari limezama kwenye theluji hadi vioo, mtu kajifunika kabaki macho, na chini yake maandishi kwamba Marekani inaganda. Picha ni ya kweli. Tarehe 30 Januari 2019 hapa kwetu ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, hadi posta ikasitisha kugawa barua, nao ni watu ambao sifa yao kubwa ni kutozuiwa na mvua wala theluji. Lakini Februari ikishapita, kimya. Sijaona mkiandika neno kuhusu Aprili. Matokeo yake ndugu zetu wanaamini huku ni barafu tangu mwaka unapoanza hadi unapokwisha. Mdogo wangu, mwalimu Lushoto, hunipigia simu mwezi wa saba na kuanza na "Dada, pole na baridi," wakati mimi hapa nimefungua madirisha yote kwa joto la nyuzi 30 na yeye huko ndiye aliyevaa sweta.

Basi leo naandika kuhusu baridi inavyokwisha, maana ndio wakati watu wa huku wanapofurahi kuliko sikukuu yoyote waliyonayo kwenye kalenda.

Kwanza nieleze baridi inachukua nini, ili furaha yenyewe ieleweke. Mwili si tatizo. Ukipata koti la maana, soksi nzito, kofia na viatu visivyopitisha maji, unatembea. Baridi inachukua baraza. Kwetu Tanga ikifika jioni watu wanatoa mikeka na mabenchi nje, kahawa na kashata zinapita, bao linachezwa, anayepita anasalimia na asiyesalimia anasemwa. Huku kuanzia Novemba kila mtu anaingia ndani na mlango unafungwa. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Unaweza kuishi jengo moja na mtu usimwone uso miezi mitano, mkawa mnasikiana tu kwa mkwaruzo wa mabeleshi alfajiri, kila mmoja akifukua gari lake. Hakuna anayesimama kuzungumza. Midomo yenyewe imekufa ganzi.

Wageni wengi huumwa mwaka wao wa kwanza. Hawalali, au wanalala mchana kutwa, wanalia hovyo, chakula hakipandi. Daktari anawaandikia vitamini D na kuwaambia wanunue ile taa kali ya kukaa mbele yake asubuhi. Wakieleza nyumbani wanaambiwa wamerogwa, au wanadeka baada ya kupata maisha. Jamani, hawajarogwa. Wamekosa jua na watu kwa wakati mmoja.

Sasa msidhani majira ya kuchipua yanaingia kama tulivyokaririshwa shuleni, misimu minne, miezi mitatu mitatu, tarehe 21 Machi mlango unafunguliwa. Huku yanaingia kwa kuvutana. Chukua mwaka 2023. Msimu ule theluji ukiijumlisha yote ilizidi sentimita 225, wa tatu kwa wingi tangu waanze kupima katika jiji hili. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili ikaanguka nyingine, nzito, ya majimaji, ikavunja matawi ya miti na umeme ukakatika mitaa mingi. Siku kumi na kitu baadaye joto likapita nyuzi 27. Watu wakaenda ziwani na kaptula. Wiki haikupita theluji ikarudi. Shoga yangu Mkenya, Mkisii anayekaa jengo la pili, alikuwa ameshafunga makoti ya watoto kwenye mabegi na kuyasukumia uvunguni. Akayatoa huku anaongea kilugha chao, na sikuomba tafsiri. Wenyeji hawashangai. Wao wanakwambia kabisa kwamba kuna majira ya kuchipua ya uongo mara mbili tatu kabla ya yale yenyewe.

Na yakija yenyewe, ni mabaya ya sura. Theluji iliyorundikwa pembezoni mwa maegesho imechanganyika na mchanga na chumvi ya barabarani, imekuwa nyeusi tii. Inavyopungua inatoa kila kilichopotea tangu Novemba: glovu za mkono mmoja, chupa, kiatu cha mtoto, kinyesi cha mbwa cha msimu mzima. Barabara nazo zimechimbika, kwa sababu maji yaliingia kwenye nyufa za lami, yakaganda yakavimba, sasa yameyeyuka na lami imebaki juu haina cha kuishikilia. Gari likipita linadidimia. Dereva wa daladala wa kwetu akishushwa Minneapolis mwezi wa nne hatapata taabu ya kuzoea. Nyasi za kahawia, bustani tope tupu. Hakuna anayepiga picha wiki hizo kutuma nyumbani. Na hizo ndizo wiki ninazozipenda.

Mwanga ndio hutangulia. Machi siku inarefuka kama dakika tatu kila kukicha, unaona kabisa tofauti ya Jumatatu na Ijumaa. Jumapili ya pili ya mwezi huo saa zinasogezwa mbele, kwa hiyo kati yetu na Tanga inakuwa saa nane badala ya tisa, na mama yangu hadi leo haelewi serikali ina haja gani ya kugusa saa za watu. Mwisho wa Aprili jua linazama saa mbili usiku. Kazini tunapata kazi: wazee hawataki kulala, wanasema jua lipo, mbona mnatufungia mapazia.

Kuna babu mmoja kati yao, alikuwa mkulima, amepita miaka 90. Siku nyingine jina langu halimjii, na siku ya wiki ndiyo kabisa. Lakini kila asubuhi ya Machi kabla sijatoka zamu ataniuliza swali lile lile: usiku kuliganda? Na mchana wanasema itafika ngapi? Anaulizia utomvu. Kuna mti huku, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Usiku ukiganda na mchana ukayeyuka, utomvu wake mtamu unatembea na watu wanautoboa na kuukinga kwa ndoo. Babu alikuwa akifanya hivyo na baba yake, wakichemsha lita 40 kupata lita moja ya sharubati. Hali ikiwa joto usiku na mchana, mti unaanza kuchipua na utomvu unaharibika ladha, ndiyo maana anauliza vyote viwili. Nikimjibu kwamba kuliganda vizuri na leo itafika nyuzi sita, anapiga kofi godoro. "Leo, leo!" Halafu ananiagiza nimwambie mwanawe aoshe ndoo. Mwanawe naye ni mzee aliyestaafu, anaishi Arizona. Huwa nasema sawa, babu, nitamwambia.

Kwangu mimi siku yenyewe ni ile ya kutoa plastiki dirishani. Oktoba tunabandika karatasi ya plastiki juu ya kila dirisha kwa mkanda wa gundi, kisha tunaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikaze, upepo usipenye. Tangu siku hiyo nyumba haina sauti wala harufu ya nje. Mwaka huu nilitoka zamu, nikaona simu inasema wiki nzima usiku hautaganda, nikashindwa kulala. Nikavuta ule mkanda, ukatoka na rangi ya fremu. Mwenye nyumba atanikata kwenye amana yangu, akate. Dirisha likagoma, nikalisukuma kwa bega hadi likapanda.

Harufu ndiyo iliingia kwanza. Udongo uliolowa, majani ya mwaka jana yanayooza, na mtu chini anakaanga vitunguu. Ukikaa miezi ambayo huko nje hewa haina harufu kabisa, maana kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri pua inagandamana tu, basi hata tope unalinusa kwa shukrani. Kisha maji kwenye mfereji, watoto, mnyororo wa baiskeli unaohitaji mafuta, na yule ndege wao mwenye kifua chekundu anayewika tangu saa kumi na moja alfajiri bila aibu. Halafu nikasikia naitwa. "Mama! Kumbe upo hai!" Ni mzee Msomali wa chini, amekaa kwenye ngazi za mbele na kiti chake cha plastiki, chupa ya chai pembeni, amevaa koti la baridi juu na kikoi chini. Kiswahili chake ni cha Dadaab, kambi ya wakimbizi kule Kenya, alikokaa miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Uso wake sikuwa nimeuona tangu majani yanapukutika. Amefuga ndevu, zote nyeupe.

Nikashuka na kikombe changu. Shoga yangu Mkisii akatokea na mandazi ya jana. Mmarekani mmoja mwenye mbwa, ambaye majira yote ya baridi alikuwa akipita kichwa chini, akasimama. Mbwa akaanza kunusa mandazi na yeye akaanza kutueleza habari za goti lake lililofanyiwa upasuaji Januari. Binti wa ghorofa ya tatu akaleta mtoto. Nilimwacha na tumbo Oktoba, sasa mtoto anashika kidole changu na jino linachungulia. Tukajua nani amefariki, nani amehama, nani amepata makaratasi, nani ameachika. Habari za miezi mitano zilisemwa kabla ya adhuhuri, pale kwenye ngazi za saruji, na joto lilikuwa nyuzi 11 tu. Kwetu nyuzi hizo watu wangewasha moto na kumwita mganga. Huku watoto walikuwa pekupeku.

Jambo jingine linaloingia dirishani ni adhana. Aprili 2023, ndani ya mwezi wa Ramadhani, baraza la madiwani la jiji hili lilipitisha kwamba misikiti iruhusiwe vipaza sauti kwa sala zote tano; kabla ya hapo kanuni za kelele zilikuwa zinaizuia alfajiri, na isha pia pale majira ya joto jua linapochelewa kuzama. Hapa mtaani kwetu, Cedar-Riverside, Wasomali ni wengi na msikiti hauko mbali. Lakini Januari, madirisha yamegandishwa kwa plastiki, ruhusa hiyo unaijua kwa kusoma tu. Aprili unaisikia. Mtu wa Tanga akisikia alfajiri inaadhiniwa, tena Marekani, asiulizwe kwa nini amekaa kitandani anatabasamu peke yake.

Nikipata siku ya mapumziko naenda Bde Maka Ska, ziwa lililo ndani ya jiji, jina lake ni la Kidakota, lugha ya wenyeji wa asili. Desemba linaganda, barafu ikinenepa watu wanaingia juu yake kwa miguu, wanaweka vibanda, wanatoboa shimo na kuvua. Sheria inataka vibanda vyote katika sehemu hizi za kusini mwa jimbo viondolewe mwanzoni mwa Machi, kabla havijazama na mwenyewe ndani. Kisha ziwa linasubiriwa. Barafu inabadilika kutoka nyeupe kuwa kijivu, halafu inakuwa kama nyeusi, na kumbe ndani inapasuka wima, vijiti virefu vilivyosimama pamoja na kushikana kidogo tu. Siku upepo ukivuma inasukumwa ufukweni, vile vijiti vinaanguka kimoja juu ya kingine, na ziwa zima linalia kama vikombe vya muuza kahawa anayepita Barabara ya Kumi na Mbili kule kwetu Ngamiani usiku. Nilisimama pale na watu nisiowafahamu, mmoja na gari la mtoto, mwingine na fimbo za kuvulia samaki ambazo hazikuwa na pa kutumika bado. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mama mmoja aliokota kijiti cha barafu chenye urefu wa kiganja, akanipa nishike. Kilikuwa safi, unaona vidole upande wa pili, kikavunjika chenyewe mkononi.

Ziwa Minnetonka, magharibi mwa jiji, wana kumbukumbu za tarehe barafu ilipokwisha kuanzia mwaka 1855. Watu huwekeana dau. Mwaka 2018 walisubiri hadi tarehe 5 Mei, baada ya Aprili iliyokuwa na theluji nyingi. Habari kama hiyo, Mhariri, ni habari. Ina tarehe, ina watu, ina picha.

Niseme na la fedha, kwa sababu najua wanaosoma ukurasa huu wana ndugu huku. Joto la nyumba linalipiwa, na bili ya Januari inaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa mbeba boksi. Jimbo hili lina kanuni nzuri: kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili, anayekubaliana na kampuni namna ya kulipa, na akalipa kwa makubaliano hayo, hakatiwi huduma inayompa joto. Baada ya hapo kila mtu na deni lake. Kwa hiyo tunashangilia maua na huku tunahesabu. Kinachotuokoa ni kodi: tunawasilisha hesabu kabla ya tarehe 15 Aprili, na wengi wenye vipato vya chini wanarudishiwa kiasi walichokatwa zaidi. Ndugu, mkiona pesa inaingia Machi mfululizo na Desemba simu haipokelewi, msitafute mchawi wala mke mpya. Ni hesabu za joto na kodi.

Na sasa kwa wanaojiandaa kuja. Wanafunzi wanaitwa Agosti. Walioshinda bahati nasibu ya viza, kabla utoaji wa viza hizo haujasitishwa Desemba 2025, walitakiwa wawe wamepewa viza kabla ya tarehe 30 Septemba, kwa hiyo wengi walipanda ndege wakati huo huo. Wanafika majani yana rangi, wanapiga picha, wanaposti, na kabla hawajajua jirani yao anaitwa nani baraza limefungwa. Wanaishi miezi mitano au sita ya kwanza ndani ya chumba na kuhukumu nchi nzima kutoka humo. Nimeona walionunua tiketi ya kurudi Februari. Ningekuwa na mtoto ameshinda, ningemwambia asikimbilie. Viza nyingi za aina hiyo zilipewa muda wa hadi miezi sita. Angalia tarehe iliyoandikwa kwenye yako, na kama inafika Machi, kaa nyumbani mpaka Machi, kula maembe. Wapo watakaosema bora mtu aanze na taabu azoee. Sikubaliani nao. Anayefika Machi mwishoni anakuta tope, kweli, lakini anakuta na watu wanatoka nje, anajulikana mtaani, anapata wa kumfundisha kuendesha kwenye barafu na wa kumwazima beleshi, na Novemba ikifika ana namba za simu za kupiga.

Mimi hivi sasa nina miche ya bamia dirishani tangu Machi, imerefuka inaegemea kioo. Siwezi kuitoa, maana hata Mei mwanzoni baridi inaweza kurudi usiku mmoja ikaua kila kitu. Huku bustani za maana zinapandwa katikati ya Mei. Tunakodi kishamba kidogo mimi na shoga yangu, upande wangu mchicha na bamia, upande wake mgagani, ambao Wakisii wakiukosa hawahesabu kwamba wamekula.

Mnaokuja, mbegu msizifiche kwenye mizigo. Maofisa wa kilimo pale uwanja wa ndege wakizikuta hamkuzitaja wanazichukua na faini juu. Mchicha ninao wa kugawa. Leteni kahawa iliyokaangwa, hiyo itajeni tu mlangoni na mtapita nayo.

Msomaji wako,
Minneapolis, Minnesota